Theluthi Yangu katika Uraia wa Dada

Mwaka 2015 dada yangu aliamua kuacha kuwa Mmarekani, na kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma zaidi kwetu, shughuli ya karatasi ikaniangukia. Katika familia yetu inaaminika kwamba mtu aliyesomea fasihi hadi shahada ya pili anaweza kusoma chochote, fomu za kodi zikiwemo. Sijawahi kukanusha. Wakati huo niliishi Louisville na kufanya kazi katika eneo la viwanda la Jeffersontown, nikiandika maagizo ya usalama kwa wafanyakazi wa maghala: usisimame chini ya mzigo ulioinuliwa, usiingize mkono hapa. Katika yote niliyoandika maishani, hayo ndiyo yaliyobandikwa mahali pengi zaidi. Kama yalisomwa, sijui.

Alinipigia Jumamosi, asubuhi kwangu, jioni kwake. Gavana wa kaunti yetu huko Kenya alikuwa amempendekeza awe waziri wa afya wa kaunti. Dada ni muuguzi. Alisomea Buffalo, akafanya kazi Columbus miaka minane, akachukua uraia wa Marekani, kisha akarudi nyumbani kumuuguza baba na hakuja tena. Katiba mpya ilipomruhusu mtu kuwa na nchi mbili, aliurudisha uraia wake wa kuzaliwa, na kwa muda mambo yakawa sawa. Lakini katiba hiyo hiyo inasema ofisa wa ngazi hiyo lazima awe na nchi moja tu.

“Inabidi niukane uraia wa huko kabla bunge la kaunti halijanihoji na kunipiga msasa,” alisema. “Nina wiki saba.”

“Hiyo ni kazi ya siku moja. Unaenda ubalozini, unaapa, unawarudishia pasipoti yao.”

“Ndivyo nilivyodhani. Kumbe kuna mambo ya kodi. Wewe kijana, si ulisema unayajua hayo?”

Sikuwahi kusema. Lakini nilikuwa na miaka arobaini na saba, na hakuna mwingine aliyekuwa bado ananiita kijana, kwa hiyo nilisema ndiyo.

Nilijua pia kwa nini aliitaka kazi hiyo. Zahanati ya kijijini kwetu haikuwa na maji. Akina mama walijifungua kwa maji ya ndoo yaliyoletwa na waume zao, na asiye na mume aliletewa na dada yangu. Kwa zaidi ya miaka miwili aliiandikia kaunti barua kuhusu bomba la mita mia nne. Sasa kaunti ilikuwa inamwomba aje akae kwenye kiti kinachopokea barua hizo. “Nitajijibu mwenyewe,” aliniambia, akacheka kama msichana.

Basi nilichukua siku mbili za likizo nikaendesha gari hadi Columbus, kwa mhasibu aliyemfanyia dada kodi zake zamani. Alikuwa mama wa Kitanzania, mtu mzima, ofisi yake iko mtaa wa Linden, mlango mmoja na saluni ya kusuka nywele, hivi kwamba mazungumzo yote ya kodi yalisikilizwa na wateja wenye vichwa vilivyosukwa nusu. Nilimsalimu kwa habari ya asubuhi. Akaendelea kunitazama. Nikakumbuka.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Nyie Wakenya salamu mmeziacha mpakani.” Akanionyesha kiti. “Haya, mdogo wangu, dada yako amechoka na Marekani?”

Nilimweleza. Alisikiliza huku akipekua faili la dada, akitikisa kichwa. Dada hakuwa amepeleka fomu yoyote tangu aondoke, miaka minne, kwa sababu mshahara wake ulikatwa kodi Kenya naye akadhani mwajiriwa wa Kenya anayeishi Kenya hana la kuiambia Marekani. Yule mama alinieleza, taratibu kama anayemweleza mtoto kifo cha kuku, kwamba Marekani humfuata raia wake popote alipo, na kwamba anayeukana uraia lazima aape kuwa kwa miaka mitano iliyopita alitimiza kila kitu. Lakini hilo, akasema, linatibika. Fomu zingejazwa, na deni lingetokea sifuri.

“Sisi kwetu,” akaongeza, “ukichukua uraia wa huku, wa nyumbani umekufa siku hiyo hiyo. Unazika mara moja, unalia, unaendelea na shughuli. Nyie mmepewa raha mbili na karaha zake. Ana mali gani?”

“Hana. Ana gari bovu na mbuzi wanne.”

“Na ardhi?”

“Kuna shamba, lakini ni letu.”

“Hati ina jina la nani?”

“Lake.”

Akaiweka kalamu mezani.

Hapa sina budi kukiri kwamba hati ile ilikuwa na jina la dada kwa ushauri wangu. Baba alikuwa na ekari tisa za kahawa na watoto watatu: kaka yangu kifungua mimba, dada, na mimi kitinda mimba. Alipoanza kudhoofika aliogopa jambo moja tu, tusije tukagombana kama wana wa jirani waliogawana shamba kwa mapanga na mahakama. Wazee wenzake walisema ampe mkubwa. Mimi, kwa simu kutoka Louisville, nikasema ampe dada: hajaolewa, hana mtoto wa kumpendelea, na sisi wanaume wawili hatuwezi kupigana juu ya kitu kilichoko mikononi mwake. Kila mtu alinisifu. Siku ya kukubaliana tulikuwepo sote watatu, mara ya mwisho kukutana na baba, tukaapa mbele ya kitanda chake kwamba shamba ni la watatu na dada analishika tu. Tukanywa chai. Hatukuandika chochote, kwa maana kwetu kuandikiana na ndugu yako ni kumwambia usoni kwamba unamwona mwizi.

Kisha ikajengwa barabara kuu mpya nusu kilomita kutoka kwenye mibuni yetu. Madalali wakaanza kuja na viatu vya ncha. Kwa bei walizotaja, dada yangu, ambaye gari lake liliwashwa kwa kusukumwa, alikuwa milionea wa dola mara mbili na zaidi.

“Mbili na zaidi ndiyo shida,” alisema mhasibu. “Anayeukana uraia akiwa na mali ya kufikia milioni mbili, siku moja kabla huhesabiwa kana kwamba ameuza kila alicho nacho duniani.”

“Lakini hauzi.”

“Hauzi.”

“Sasa nani amenunua?”

“Hakuna aliyenunua, mdogo wangu.”

“Basi faida iko wapi?”

“Faida iko kwenye fomu. Kodi ndiyo iko kweli.”

Mteja mmoja wa saluni alicheka. Nilihisi hasira ambayo nimekuja kuifahamu vizuri, ile ya mtu anayesoma sentensi sahihi kabisa isiyo na maana yoyote. Nilimuuliza kama kuna njia. Akasema ipo, tena ya haki. Ikiwa shamba ni la watatu kweli, basi mali ya dada ni theluthi, na theluthi haifikii kiwango kile. Ila lazima ionekane.

“Kuna maandishi?”

“Tuliapa.”

“Mbele ya nani?”

“Mbele ya baba. Na chai.”

“Chai haina sahihi,” alisema. Akanieleza la kufanya: kaka na mimi tuandike hati ya kiapo kwamba dada amelishika shamba kwa niaba yetu tangu mwanzo, kila mmoja theluthi, tutie sahihi mbele ya mthibitishaji wa viapo, karatasi yenyewe ipelekwe kwa dada Kenya kabla ya miadi ya ubalozini. Kiapo cha ubalozini ndicho kinachofunga hesabu. Baada yake hakuna kurekebisha.

Nilikuwa nimesimama tayari, nimevaa koti, aliponiuliza kama mimi na kaka ni raia wa Marekani. Nikasema ndiyo, wote wawili.

“Basi mkishatia sahihi mtakuwa mmekiri kwamba mna fungu katika amana, yaani mali inayoshikwa na mwingine kwa niaba yenu, iliyoko nje ya nchi. Kuna fomu yake. Huenda mlipaswa kuijaza tangu mzee alipoandikisha. Mlijaza?”

“Fomu gani?”

“Basi hamkujaza.”

Faini, alisema, inaanzia maelfu ya dola. Angetuandikia barua ya kueleza kwamba hatukujua, na kwa uzoefu wake watu wasiojua husamehewa mara nyingi. Nikakaa tena, koti likiwa mwilini.

Kutoka Columbus ningeweza kurudi nyumbani na kumpigia kaka simu. Lakini habari ya shamba haizungumzwi kwenye simu, na ya kumwandikia dada yako karatasi ndiyo kabisa. Nilielekea Buffalo anakoishi kaka, mwendo wa saa tano na nusu, mbili za mwisho ndani ya theluji inayotoka ziwani kwa upana wa blanketi. Njia nzima nilitunga hotuba. Nilimjua kaka. Alikuwa mzaliwa wa kwanza aliyerukwa kwenye urithi kwa ushauri wa mdogo wake, na kwa miaka minne hakuwa amelitaja jambo hilo hata mara moja, dalili mbaya sana. Niliandaa sehemu ya hotuba kuhusu baba, sehemu kuhusu zahanati, na methali mbili.

Kaka ni fundi wa mitambo ya kupasha joto mashuleni. Nilimkuta ameingia tu kutoka kazini, bado na ovaroli, anakata sukuma wiki.

“Profesa,” alisema. “Umeendesha gari kwenye theluji hii kuja kuniambia nani amekufa?”

“Hakuna aliyekufa.”

“Basi kaa ule. Mambo yasiyo ya kifo yanangoja.”

Tulikula ugali na sukuma. Kisha nikaanza hotuba, nikafika kwenye methali ya kwanza, akanyoosha mkono apewe karatasi aliyoniandikia mhasibu. Akaisoma mara tatu, midomo ikicheza. Nilitazama meza.

“Tumefika hapa,” alisema. “Ndugu kwa ndugu, karatasi.”

“Si mimi, ni Wamarekani.”

“Wamarekani ni nani? Si mimi na wewe?” Akairudisha mezani. “Nikuulize. Huyu dada yetu alipokuwa anamwosha mzee na kumgeuza usiku, wewe ulikuwa wapi?”

“Louisville.”

“Na mimi nilikuwa hapa, napasha joto watoto wa watu. Na ile theluthi, ni upande gani? Wa barabarani au wa mtoni?”

Nikajua ndiyo ugomvi umeanza. Nilisema karatasi haisemi upande.

“Vizuri. Isiseme. Twende benki kabla haijafungwa.”

Sikuelewa. Ilibidi arudie: mthibitishaji yuko benki, inafungwa saa kumi na moja, nivae koti twende. Nilimweleza habari ya faini, kwa kuwa nilitaka awe na taarifa kamili, au ndivyo nilivyojiambia.

“Waje,” alisema akitafuta kofia. “Watachukua kochi hili. Ukikaa katikati linakuuma.”

Benki ilikuwa na joto na harufu ya makoti yaliyolowa. Kaka alionyesha leseni yake, akaapa, akatia sahihi kwa herufi kubwa za mtu aliyefundishwa kwa kiboko, kisha akanisukumia kalamu. Yule binti mthibitishaji alinitazama akisubiri. Zilikuwa zimebaki dakika kumi wafunge.

Nikasema mimi nitatia yangu Louisville.

“Kwa nini? Huyu hapa mthibitishaji. Hii hapa kalamu.”

“Nataka kuisoma tena kwa utulivu.”

Kaka alimgeukia yule binti na kumwambia kwa Kiingereza kwamba mdogo wake ni msomi, na wasomi huchukua muda. Binti akatabasamu kwa adabu. Nilikunja karatasi nikaitia bahashani.

Nilitaka kuisoma tena, na niliisoma. Niliisoma Louisville jioni kumi na moja mfululizo. Nilisoma pia maelekezo ya ile fomu ya amana, kurasa ambazo hata mimi, niliyemaliza tasnifu juu ya ushairi, nilizikuta hazina huruma. Nilikuwa na akiba kidogo kwa ajili ya karo ya binti yangu, nikajiona nikiiandikia serikali hundi kwa kosa la kunywa chai na baba. Nilimpigia mhasibu mara tatu.

Mara ya kwanza nilimuuliza kama anaweza kunihakikishia kwamba nitasamehewa.

“Uhakika sina, mdogo wangu. Nina uzoefu.”

Mara ya pili nilimuuliza kama hati inaweza kusema nusu kwa nusu, dada na kaka, mimi nitolewe kabisa.

“Inaweza, kama ndiyo kweli. Je, ndiyo kweli? Umeliacha shamba?”

Dirishani magari ya maghala yalikuwa yanarudi kinyumenyume, yakilia.

“Nusu nayo haifikii kiwango,” alisema. “Lakini mimi nilikuuliza jingine.”

Nililitaka shamba, ndiyo jibu. Sikuwa nimelikanyaga tangu mazishi, sijui kupogoa mbuni, na mawazoni nilikuwa nimeshajenga nyumba ya uzee upande wa barabarani, yenye chumba cha vitabu. Nilimdharau kaka kwa swali la upande gani wakati mimi nilikuwa nimefika kwenye mapazia. Nilitaka theluthi isiyokuwa na fomu, na kwa kuwa haikuwepo, niliendelea kusoma.

Mara ya tatu mama yule alipokea simu na kusema kabla sijajieleza, “Baba, posta inachukua siku tano mpaka Nairobi. Hesabu.”

Nilihesabu. Zilikuwa zimebaki nne.

Dada hakunisukuma. Alituma ujumbe mmoja tu wiki ile: “Kaka anasema alishatia. Wewe?” Nikajibu kwamba namalizia mambo machache. Nimeyachunguza maneno hayo baadaye kama mhariri. Hayana uongo. Hakuna hata neno moja ndani yake ambalo ungeweza kulishika.

Alinipigia Jumatano, siku moja baada ya miadi yake ya ubalozini. Nilikuwa kwenye maegesho ya kazini, injini inawaka kwa sababu ya baridi.

“Sikwenda,” alisema. “Wakili wangu aliniambia nikiapa bila ile karatasi, hesabu itakuwa ya shamba lote. Ningeuza upande mmoja kulipia kodi ya shamba ambalo sijauza. Na kuuza siwezi, si langu.”

“Omba miadi nyingine.”

“Nyingine ni baada ya mwaka mpya. Msasa ni wiki ijayo. Nimeandika barua ya kuondoa jina.”

Nikaanza kusema. Nilikuwa na sentensi ndefu kuhusu maelekezo ya fomu na utata wa sheria. Aliniacha niifikishe mwisho.

“Umemaliza?” aliuliza.

“Ndiyo.”

“Sikiliza. Kaka asijue ni wewe. Nimemwambia posta ilichelewa.”

“Dada—”

“Atakuja kukupiga na theluji hii, afe barabarani bure. Sema posta.” Kisha akasema ana mgonjwa, akakata.

Alasiri ile ile nilienda benki nikatia sahihi. Ilichukua dakika nne na haikugharimu kitu. Niliituma kwa njia ya haraka zaidi, ya bei ya kuchekesha, ikafika Nairobi siku tatu baadaye na kuwekwa na wakili katika faili ambalo halikuwa na haraka tena. Mwaka uliofuata yule mama wa Linden alinijazia ile fomu ya amana na barua ya kueleza kwamba sikujua. Nilisamehewa. Serikali iliniandikia mistari miwili. Sijapata kusoma kitu kilichoniudhi zaidi ya mistari ile.

Huko nyumbani dada aliwaambia watu wa kaunti kwamba ana sababu za kifamilia, na kwa kuwa hakufafanua, watu wakafafanua. Habari ilinifikia Shively, kitongoji cha Louisville, kwenye ibada ya Wakenya, baada ya sala, tukiwa tumesimama na vikombe. Mama mmoja wa kutoka upande wetu, anayejua mambo ya kule kuliko waliobaki kule, alinishika mkono.

“Pole kwa dada yako,” alisema. “Nasikia kazi kubwa vile amekataa, eti hawezi kuachia pasipoti ya Amerika. Watu wa zahanati wamevunjika moyo sana. Wanasema kumbe alikuwa anawabebea maji na huku moyo uko ng'ambo.”

Wengine wawili walikuwa wanasikiliza. Nilikuwa na kikombe mkono mmoja na mandazi mkono wa pili. Ilikuwa sentensi fupi tu iliyotakiwa, ya maneno matano au sita, na kuandika sentensi fupi ndiyo kazi ninayolipwa.

“Pasipoti ni ngumu kuiacha,” nilisema.

“Ni ngumu,” alikubali yule mama, na akaniuliza kama nimeonja mandazi yake.